Patrice Lumumba: karani aliyehesabu kura

Hapa Kisangani, ukiuliza mtu juu ya Lumumba, kwanza atakuambia sauti yake. Atakuambia mikutano, atakuambia hotuba ya tarehe 30 Juni 1960 mbele ya mfalme Baudouin, kisha ataruka moja kwa moja hadi kifo. Katikati kunabaki shimo. Leo tunataka kushuka ndani ya lile shimo, juu humo ndani kulikuwa hesabu, na ile hesabu njo ilimfanya awe Waziri wa Kwanza: watu 137 walioketi Léopoldville, kila mmoja na kura yake moja.

Ninyi mnaotumika kwenye kariere, au mnaongojea baba na kaka warudi kutoka Bafwasende na Banalia, hii hesabu mtaielewa haraka. Chukua shimo moja lenye watu 12. Mwenye watu 3 nyuma yake anasikilizwa, hakuna atakayempita bila kumsalimia. Lakini siku ya kuamua kama shimo linaendelea au linafungwa, wale 3 peke yao hawatoshi. Ni lazima aende kuongea na wengine, mmoja kwa mmoja, na kila mmoja atataka kitu. Lumumba alikuwa na karibu 3 kwa 12. Tutarudi hapo.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 kijijini Onalua, karibu na Katako-Kombe, kule Sankuru, katika Watetela. Baba yake ni François Tolenga, mama yake Julienne Wamato. Alipita shule za misioni, kwa Waprotestanti na kwa Wakatoliki pia, na hakumaliza masomo makubwa. Akiwa bado kijana akatoka kwao, akaelekea mashariki kutafuta kazi. Na kazi aliipata wapi? Kalima, Maniema, kwenye kampuni ya Symétain iliyokuwa ikichimba kasiterite. Aliwekwa biro, akawa karani. Wengi hawajui hii. Kabla ya posta, kabla ya bia, kabla ya siasa, Lumumba alikula mkate wa mgodi. Hakushika pikipiki na beleshi, hilo tuseme wazi, lakini mshahara wake wa kwanza ulitoka kwa kampuni ya madini, katikati ya vita ya pili ya dunia, wakati Bula Matari alikuwa anataka kila kilo ya bati itoke ardhini.

Mwaka 1944 akafika kwetu, wakati muji ulikuwa unaitwa bado Stanleyville. Akaingia posta. Mwaka 1947 walimtuma Léopoldville kwenye shule ya posta, akafaulu, akarudi. Kwa miaka zaidi ya kumi, huyu mtu alikuwa Mboyomais: asubuhi yuko biro, jioni yuko na vitabu, akiandika makala kwa magazeti, akiongoza vyama vya waevolwe, chama cha wafanyakazi weusi wa posta, na vingine tena. Mwaka 1951 alimuoa Pauline Opango. Mwaka 1954 Wabeleji wakampa kadi ya imatrikulasio, ile karatasi iliyosema kwamba Mweusi fulani sasa amefikia ustaarabu. Kwanza walimnyima, kisha wakampa. Mwaka 1955 mfalme Baudouin alipopita Stanleyville, Lumumba aliongea naye, na mwaka uliofuata akapelekwa kutembea Ubelgiji.

Aliporudi, Julai 1956, walimkamata. Ilikuwa juu ya franga za posta, kama 126 000. Tusifiche: pesa ilikosekana, naye alikuwa ameichukua. Alikuwa na mshahara mdogo na maisha makubwa ya mtu aliyetakiwa aishi kama Mzungu bila kulipwa kama Mzungu. Rafiki zake wa hapa muji walichanga kuirudisha. Alihukumiwa miaka miwili, ikapunguzwa, akatoka Septemba 1957. Ninaiandika hii habari bila haya, juu maadui wake waliitumia mpaka mwisho, na watu waliompigia kura mwaka 1960 waliijua vizuri kabisa. Walimpigia hata hivyo.

Baada ya gereza akahamia Léopoldville, akauza bia ya Polar. Kazi ya bia ilimfundisha kitu ambacho posta haikumfundisha: kuingia kila kartie, kila baa, kuongea Lingala na watu wasiokuwa wa kwao. Tarehe 10 Oktoba 1958, chama cha MNC kikazaliwa, Mouvement National Congolais, na yeye mbele. Desemba ule mwaka akaenda Accra, kwenye mkutano wa watu wa Afrika yote. Mwaka 1959 ulikuwa wa moto tangu tarehe 4 Januari kule Léopoldville. Julai chama kikapasuka: Albert Kalonji, Joseph Ileo, Cyrille Adoula na wengine wakaenda upande wao. Tangu hapo tunasema MNC-L, ya Lumumba, na MNC-K, ya Kalonji. Huo mpasuko wa Julai 1959 ukumbuke.

Oktoba 1959 akaita kongresi ya chama hapa Stanleyville. Tarehe 30 fujo ikatokea, askari wakapiga risasi, watu zaidi ya 20 wakafa. Tarehe 1 Novemba Lumumba akakamatwa. Desemba kulikuwa na uchaguzi wa komini, na MNC ikashinda hapa muji kwa wingi mkubwa, mwenyewe akiwa ndani. Januari 1960 walimhukumu miezi sita, wakampeleka mbali, Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Hakukaa sana. Huko Bruxelles wakuu wa vyama vya Kongo walikuwa wamekaa kwenye Meza ya Duara na Wabeleji, na wakasema bila Lumumba hakuna kazi. Tarehe 25 Januari akatolewa, akapandishwa ndege. Tarehe 27 siku ya uhuru ikawekwa: 30 Juni. Miezi mitano tu, na katika ile miezi mitano ilibidi nchi nzima ichague bunge lake la kwanza.

Sasa njo tunafika.

Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960, iliyoandikwa na Wabeleji, ilisema Kongo itakuwa na mabaraza mawili. Baraza la Wabunge, ile watu walikuwa wanaita Shambre, mbunge mmoja kwa kila watu 100 000: jumla 137. Na Seneti, maseneta 84, 14 kwa kila jimbo kati ya majimbo sita, wakichaguliwa na mabaraza ya majimbo. Wabunge 137 waligawanyika hivi: Kasai 26, Léopoldville 26, Province Orientale 25, Kivu 23, Équateur 21, Katanga 16. Waliopiga kura ni wanaume tu, wa miaka 21 na kuendelea. Mama zetu hawakupiga. Pauline Opango hakuwa na haki ya kumpigia kura bwana yake, na ndani ya Shambre hamkuwa na mwanamke hata mmoja.

Watu walipiga kura mwezi wa Mei. Hapa kwetu ilikuwa kama mafuriko. Province Orientale ya wakati ule ilikuwa Tshopo, Ituri, Bas-Uélé na Haut-Uélé pamoja, na kati ya viti vyake 25 MNC-L ilichukua 21. Katika baraza la jimbo lenyewe, 58 kwa 70. Jean-Pierre Finant akawa prezida wa jimbo. Mtu aliyetembea Stanleyville ule mwezi angeweza kuamini kwamba Kongo yote ni ya Lumumba.

Kumbe hapana. Nchi nzima, MNC-L ilipata viti 33. Ukiongeza orodha ndogo zilizofungamana nayo, 41. Ilikuwa ya kwanza, na wa pili alikuwa mbali, lakini 33 kwa 137 hata robo haifiki. Nyuma yake: PNP 15, PSA ya Antoine Gizenga 13, ABAKO ya Joseph Kasa-Vubu 12, CEREA ya Kivu 10, Conakat ya Moïse Tshombe 8, MNC-K ya Kalonji 8, muungano wa Balubakat wa Katanga 7, PUNA ya Jean Bolikango 7. Viti vilivyobaki vilienda kwa vyama vidogo na kwa watu waliosimama peke yao, machifu na wafanyabiashara waliochaguliwa na watu wa kwao.

Angalia hiyo orodha vizuri. ABAKO ni Bakongo. Conakat ni kusini ya Katanga. PUNA ni Équateur. PSA ni Kwilu na Kwango. Karibu kila chama kilikuwa cha upande mmoja. Waliovuka mipaka kweli ni wawili: MNC-L, na PNP. Na PNP, watu walisema imebebwa na Wabeleji, mpaka huko Léopoldville wakaipa jina la Lingala, Pene Pene na Mundele, karibu na Mzungu. Kwa hiyo hii Shambre haikuwa na wengi na wachache kama mabunge ya kwingine. Ilikuwa kama soko ambapo kila meza ina mwenyewe na kila mwenyewe ana lugha yake.

Ili serikali ipite, ilihitaji 69, nusu ya wote na mmoja. Chukua karatasi: 41 za MNC-L na rafiki zake, jumlisha 13 za PSA, 10 za CEREA, 7 za Balubakat. Unapata 71. Mbili tu juu ya mstari. Wabunge wawili wakiugua malaria siku ya kura, umebaki paka na 69, watatu, umeanguka. Hao waliokuwa mbele yake wakubwa, PNP, ABAKO, Conakat, MNC-K na PUNA, walikuwa na 50. Na 16 waliobaki walikuwa wanangojea waone upepo unaelekea wapi. Huyu aliyekuwa karani wa Kalima alikaa na hiyo karatasi majuma mengi.

Wabeleji walikuwa na karatasi ileile. Waziri wao Ganshof van der Meersch, aliyekaa Léopoldville kusimamia mambo, hakutaka Lumumba. Tarehe 13 Juni alimpa kazi ya kuuliza vyama kama serikali ya umoja inawezekana. Baada ya siku nne akaitoa kwake, akampa Kasa-Vubu kazi ya kuunda serikali. Lumumba akakasirika, akasema kwa waandishi habari maneno makali. Lakini hasira haikumsaidia. Kilichomsaidia ni kwamba tarehe 21 Juni Shambre ilibidi ichague prezida wake.

Mgombea wa MNC-L alikuwa Joseph Kasongo. Upande wa pili ulimweka Bolikango, mtu mwenye heshima, aliyejulikana Léopoldville yote. Kura zikahesabiwa: Kasongo 74, Bolikango 58. Hapo ikaonekana mbele ya kila mtu, na mbele ya Ubelgiji, nani ana watu. Ile ile siku mfalme akamwita Lumumba aunde serikali. Kwangu mimi hiyo tarehe 21 Juni inastahili kukumbukwa kwetu kama tarehe 30, lakini hakuna anayeiimba.

Kesho yake Seneti ikamkumbusha kwamba soko halijafungwa. MNC-L ilikuwa na maseneta 19 kwa 84, na mgombea wake Alexis Mahamba akashindwa na Joseph Ileo, yule yule wa mpasuko wa Julai 1959.

Lumumba alikuwa na saa chache za kugawa viti vya serikali. Aliingiza karibu kila mtu: PSA, CEREA, ABAKO, hata PNP na PUNA, hata Conakat walipata waziri. Hapo hesabu yake ilikuwa nzuri. Lakini kuna wawili aliowaacha nje: Kalonji na Bolikango. Bolikango alikuwa ametarajia kuungwa mkono awe mkuu wa nchi. Kalonji alikuwa na wabunge 8 tu, sawa, lakini wabunge 8 wa upande wenye almasi ya Bakwanga. Wazee wengine wa hapa hawapendi kusikia hivi. Mimi naona lile lilikuwa kosa lake kubwa kupita hotuba ya tarehe 30. Hotuba iliwaudhi Wabeleji, ambao walikuwa wamekwisha kuudhika. Kumwacha Kalonji kuliacha mlango wa nyumba wazi.

Usiku wa tarehe 23 Juni Lumumba akasimama mbele ya Shambre na orodha ya mawaziri. Maneno yakaenda mpaka usiku wa manane ukapita. Kura: 74 ndiyo, 5 hapana, 1 hakuchagua upande. Jumla watu 80. Na wengine? Wabunge 57 hawakuwa ndani. Wachache labda walikuwa na sababu, wengi walikaa nje kwa kusudi. Namba 74 ilikuwa ileile ya Kasongo, lakini watu hawakuwa walewale: wengine wa upande wake walikuwa wamemkimbia kwa sababu hawakupata kiti, na wachache wa PNP, PUNA na ABAKO wakaja kujaza nafasi. Serikali ilipita kwa kura tano juu ya mstari. Seneti iliipa 60 kwa 12, na 8 bila upande. Siku ileile mabaraza mawili pamoja yakamchagua Kasa-Vubu kuwa mkuu wa nchi, 159 kwa 43 za Bolikango. Kura nyingi za hizo 159 zilitoka kwa watu wa Lumumba. Alimpa Kasa-Vubu kiti ili ABAKO watulie.

Uhuru ukafika. Yaliyofuata mnayajua: tarehe 5 Julai askari wakaasi, tarehe 10 Wabeleji wakarudisha jeshi lao, tarehe 11 Tshombe akaitenga Katanga na migodi yake yote, tarehe 9 Agosti Kalonji akaitenga Kasai ya kusini na almasi yake. Conakat na MNC-K, wabunge 16 kwa pamoja. Ndani ya Shambre wasingeweza kuangusha serikali hata kidogo. Nje ya Shambre walichukua shaba na almasi, na serikali ikabaki bila pesa.

Na Shambre yenyewe ilifanya nini wakati nchi inaungua? Kati ya kazi zake za kwanza, wabunge walijiongezea mshahara, kutoka franga 100 000 kwa mwaka hadi 500 000. Lumumba alipinga. Hawakumsikiliza. Ninaacha kila msomaji alinganishe mwenyewe na anayoyaona leo.

Jioni ya tarehe 5 Septemba, Kasa-Vubu akaingia redioni, akamfukuza Lumumba na mawaziri wengine sita, akamweka Ileo. Sheria ya Msingi ilisema mkuu wa nchi anaweka na kuondoa Waziri wa Kwanza. Lakini ilisema vilevile kwamba serikali inajibu mbele ya wabunge. Wabeleji waliichota kwenye sheria yao, ambapo mfalme anasaini tu yale yaliyokwisha kuamuliwa. Kasa-Vubu aliisoma kama ilivyoandikwa. Lumumba akakimbilia redio, naye akamfukuza Kasa-Vubu. Usiku mmoja nchi ikabaki bila anayejulikana.

Tarehe 7 alikwenda Shambre. Aliongea muda mrefu, bila kelele, akipitia jambo moja kwa moja, akiwajibu hata waliomtukana. Wabunge walipiga kura, 60 kwa 19. Lakini walipigia nini? Watu husema Shambre ilimrudisha Lumumba. Ni nusu ya ukweli. Ilifuta kufukuzwa kwake, na ilifuta vilevile kufukuzwa kwa Kasa-Vubu. Wabunge walitaka wale wawili waketi chini wapatane, wakaweka tume ya kuwapatanisha. Kesho yake Seneti, iliyokuwa ikiongozwa na Ileo, mtu aliyeitwa achukue kiti chake, nayo ikakataa kufukuzwa kwa Lumumba, 41 kwa 2. Hili linanigusa kupita yote. Hawa hawakuwa watu wake. Wengi walimwogopa. Walikataa tu kwamba mtu mmoja na mikrofoni avunje kitu walichopigia kura wao.

Tarehe 13 mabaraza mawili yakakaa pamoja, kura 88 zikampa Lumumba mamlaka makubwa. Maadui wake wakasema ukumbi haukujaa kama inavyotakiwa, juu kati ya wote 221 ilibidi wawepo 111, na kuhesabu vichwa mle ndani mwenye askari mlangoni haikuwa kazi rahisi. Hatutamaliza hayo mabishano hapa. Tarehe 14 jioni koloneli Mobutu akatangaza kwamba wanasiasa wote wanawekwa pembeni mpaka mwisho wa mwaka. Shambre ikafungwa. Ilikuwa imeishi chini ya miezi mitatu.

Tangu hapo Lumumba hakuwa tena na chochote cha kuhesabu. Kura zake 74, 60, 88 zilikuwa na thamani ndani ya ule ukumbi tu. Kuanzia tarehe 10 Oktoba nyumba yake Léopoldville ilizungukwa mara mbili: askari wa Umoja wa Mataifa ndani, wamlinde, na askari wa Mobutu nje, wamkamate. Usiku wa tarehe 27 Novemba, mvua ikinyesha, akatoroka kwa gari. Alikuwa anakuja hapa. Stanleyville watu wa chama walikuwa wamekwisha kujipanga, na Gizenga alikuwa tayari huku; tarehe 13 Desemba angetangaza kwamba serikali ya haki iko Stanleyville. Lakini Lumumba njiani alisimama kwenye vijiji, juu watu walimjua, walitaka kumsikia, naye hakujua kuwanyima. Tarehe 1 Desemba walimkamata Lodi, kwenye mto Sankuru, mto wa kwao.

Walimfunga Thysville. Tarehe 17 Januari 1961 wakampandisha ndege pamoja na wenzake wawili, wakawapeleka Élisabethville kwa Tshombe. Usiku uleule waliuawa kwa risasi porini, upande wa Shilatembo, mawaziri wa Katanga wakiangalia na afisa Mbeleji akitoa amri. Baadaye miili yao ilikatwa, ikayeyushwa na asidi.

Wale wenzake wawili, majina yao yanatajwa haraka haraka kila mwaka, na watu hawaulizi walikuwa nani. Maurice Mpolo alikuwa mbunge, na waziri wa vijana na michezo. Joseph Okito alikuwa makamu wa prezida wa Seneti. Yaani ule usiku waliua wabunge wawili na seneta mmoja, wote wamechaguliwa, hakuna baraza lililowahi kuwaondolea kiti. Mwezi uliofuata, Februari, Jean-Pierre Finant, prezida wa jimbo letu aliyewekwa na wale 58 kwa 70, aliuawa Bakwanga pamoja na wengine waliopelekwa huko kutoka Léopoldville.

Julai 1961 Shambre ikafunguliwa tena. Safari hii wabunge walifungiwa kwenye chuo kikuu cha Lovanium, askari wa Umoja wa Mataifa wakiwazunguka, bila simu, bila wageni, bila silaha, mpaka waelewane. Wabunge wa Stanleyville walikwenda. Walipochagua prezida wa Shambre, Joseph Kasongo akarudi kwenye kiti kile alichokalia tarehe 21 Juni 1960. Mwanzoni mwa Agosti wakaipitisha serikali ya Cyrille Adoula, aliyetoka MNC pamoja na Kalonji na Ileo mwaka 1959.

Jino moja la Lumumba, lililokuwa limefichwa Ubelgiji, lilirudishwa Juni 2022. Kabla ya kuzikwa Kinshasa, Limete, tarehe 30 Juni, lilizungushwa kwenye sehemu za maisha yake: Sankuru kwao, Kisangani kwetu, na Shilatembo.